Sikio Jeupe la Bazavuga

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nilikotoka. Anayenikuta leo nitamwambia kwa kifupi. Naitwa Umugwaneza, lakini Ngungu nzima inaniita Mama Carmel, kwa jina la binti yangu. Mume wangu Viateur alikwenda Walikale kuchimba mawe, na huu ni mwaka wa tatu sijasikia hata kikohozi chake.

Aliniachia vitu vitatu: mtoto, baba yake mzazi Athanase ambaye haoni, na mashine ya kuchapa picha aliyoitoa Goma akisema itatulisha.

Ikatulisha kweli. Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyoanza kuchapa picha na majina kwenye vitambaa vya shingo vya mbwa, watu wakanicheka hadi wakashika mbavu. Mbwa avae nguo mpya, na wewe mwenye mbwa umevaa nini? Lakini wenye ng'ombe walipenda, wakaleta oda. Baadaye nikaongeza medali za bati za kuning'iniza shingoni, na hapo ndipo nilipowaachia.

Wiki hii nasema lile lililonikaa kooni. Msinionee huruma kabla hamjamaliza kusoma.

Mambo yalianza na kichaa cha mbwa. Mtoto aliumwa na mbwa kilima cha pili, akafa. Watu wa chanjo wakaja, wakachanja mbwa, wakawafunga vibati vyenye namba. Wiki haikuisha, watu wakaanza kuazimana vibati. Mbwa mmoja anachanjwa, mbwa wanne wa ukoo wanapita nacho barabarani.

Kijiji kikaunda komite ya mbwa, nayo ikaitisha mkutano. Mkubwa wa komite alikuwa Papa Hilaire, jirani yetu. Akauliza, tufanye nini?

Nikanyoosha mkono. Ndiyo, mimi.

"Papa Hilaire, tuweke foto ya mbwa juu ya medali. Namba unaweza kuazima. Sura, utaazima kwa nani?"

Watu wakapiga makofi. Ikapitishwa palepale: kila mbwa aliyechanjwa avae medali yenye sura yake, na siku ya soko komite itasimama njiani kukagua. Mbwa asiye na medali, au mwenye medali ya mwenzake, anauawa. Wazo likawa langu na kazi ikawa yangu.

Kazi yenyewe ni ndogo lakini ina masharti. Unapiga picha kwa simu, unaichapa kwenye karatasi kwa wino wake maalumu, unaigandisha karatasi kifudifudi juu ya bati jeupe, kisha unakandamiza kwa moto mkali. Wino unageuka moshi, unaingia ndani ya bati, hautoki tena hata ukisugua kwa mchanga. Wenzangu wa Goma wana mashine ya umeme ya kukandamizia. Mimi nina pasi ya makaa. Saa sina, kwa hiyo nahesabu kwa sala: Salamu Maria sita, natoa.

Sharti kubwa ni hili. Kwa kuwa karatasi inalala kifudifudi, picha lazima igeuzwe kwanza, kulia iwe kushoto, kama unavyojiona kwenye kioo. Usipoigeuza, bati linatoka kinyume. Mimi nilikuwa naigeuza kwenye simu. Sikuwahi kusahau, naapa.

Sasa niwaambie kuhusu mbwa wa mkwe wangu.

Alikuwa mweusi tii, isipokuwa sikio la kulia, jeupe kama maziwa. Tangu macho ya Papa Athanase yaingie ukungu, mbwa huyo ndiye aliyekuwa macho yake. Alimfunga kamba, akamtanguliza, wakaenda wote shambani kwenye maharage, kanisani, hata chooni. Mwaka ule tulipokimbia vita kwenda Kibabi, mimi nilibeba Carmel mgongoni na mashine kichwani. Mzee aliletwa na mbwa. Nasema kama ilivyokuwa, nilimwacha nyuma, na mbwa akamleta.

Jina lake lilikuwa Bazavuga, yaani watasema. Mnajua desturi yetu. Mtu akiwa na neno kwa jirani na hataki ugomvi wa mdomo, anamwita mbwa wake neno hilo, kisha anamwita kwa sauti kila asubuhi. Mzee na Hilaire waligombania mpaka wa shamba. Hilaire alishinda, kwa mashahidi ambao mzee anasema walilishwa. Tangu siku hiyo, kila jua likichomoza: "Bazavuga! Bazavuga, kuja hapa!" Na Hilaire, upande wa pili wa ua, anasikia. Miaka tisa ya ujumbe huo.

Ilipofika zamu ya medali ya Bazavuga, nikasita. Medali zote nilikuwa naandika jina chini ya picha. Hii ingesomwa na nani? Na Hilaire mwenyewe, akiwa kazini, mbele ya watu. Nikasema moyoni, hapana, nisimtie kidole machoni mtu aliyenipa kazi. Nikaacha jina. Nikaweka sura peke yake.

Adabu ile ndiyo iliyotuua.

Siku mbili kabla ya hapo mashine iligoma, nikaipeleka kwa Magloire anayetengeneza simu sokoni. Akaifufua. Ya kwanza kuchapa ilikuwa medali ya Bazavuga, nikamvisha. Kesho yake nikachapa ya mbwa mwingine, jina likatoka limepinduka, herufi zinatazama nyuma. Nikarudi kwa Magloire mbio.

Akacheka. "Mama Carmel, niliweka miroir ndani ya imprimante juu ya kukusaidia! Sasa inageuza foto yenyewe."

"Na mimi nageuza kwa telefone!"

"Basi munageuza mara mbili. Inarudia vile ilikuwa."

Akaiondoa hiyo miroir, mpangilio wa kioo ulio ndani ya mashine. Nikatupa bati lililoharibika, nikaendelea na kazi. Ya jana yake sikuikumbuka. Haikuwa na herufi ya kunipigia kelele.

Siku ya soko tulipanga foleni, watu na mbwa wao, zaidi ya thelathini. Komite ilikuwa na polisi mmoja mwenye bunduki. Mimi nilisimama pembeni kwa majivuno, maana kila shingo ilibeba kazi yangu. Hilaire anashika medali, anatazama mbwa, anasema "Pita." Anashika nyingine, "Pita."

Akafika mzee Athanase na kamba yake.

Hilaire akainama, akashika medali, akatazama. Akatazama mbwa. Akarudi kwenye medali. Nikaona paji lake la uso likikunjamana.

"Papa Athanase, hii medali iko ya mbwa gani?"

"Ya mbwa yangu. Haina mbwa mwingine."

"Mbwa ya hapa kwa foto iko na sikio ya kushoto njo nyeupe. Yako iko ya kuume. Na jina haiko."

"Hilaire, mimi sione. Lakini mbwa yangu naijua. Usianze."

"Sianze kintu. Bantu bote baone." Akainua medali juu. "Iko sawa ao haiko sawa?"

Watu wakasogea, wakatazama, wakaguna. Haikuwa sawa. Mtoto angeliona hilo.

Na mimi nililiona, hapohapo, lote kwa mara moja: Magloire, miroir, bati lisilo na herufi. Nilielewa kabla mtu yeyote hajasema neno la pili.

Nilikuwa hatua sita kutoka kwa polisi. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na sauti. Nikawaza: nikisema bati limetoka kinyume, ni nani ataamini mabati mengine thelathini? Watasema kazi ya Mama Carmel ni ya uongo. Nani ataleta oda tena? Carmel atasoma kwa fedha gani? Nikajiambia, ngoja kidogo, watamhoji mzee, watampa siku mbili, nitapata pa kusemea polepole.

Polisi hakungoja. Akavuta kamba, akamtoa mbwa pembeni hatua tatu, akapiga risasi moja.

Nanyi mnajua risasi inafanya nini kwetu. Hakuna aliyeuliza imempiga nani. Soko zima lilikimbia, mabeseni ya maharage yakamwagika, wanawake wakaruka mitaro na watoto. Nami nilikimbia. Miguu ilinichukua hadi nyuma ya kanisa ndipo akili ikanirudia.

Niliporudi, uwanja ulikuwa mtupu. Mzee Athanase alikuwa amesimama katikati, peke yake, kamba mkononi, amegeuza uso huku na huku.

"Bazavuga," anaita polepole. "Bazavuga, tuende. Bantu banakimbia."

Nilimshika mkono. Nilimwambia amekufa. Sikumwambia zaidi ya hapo. Nililia njia nzima, naye akanifariji, akasema, "Wacha, mwana. Ule njo Hilaire. Alingojea miaka tisa."

Kijiji kizima kikasema vivyo hivyo. Ungewezaje kutosema? Mtu ana ugomvi na kipofu, anapewa cheo, siku ya kwanza anaua mbwa wa kipofu. Hata walioguna kwa sikio lile wakasema mtu asiye na chuki angeuliza kwanza. Watu wakaacha kumsalimia Hilaire. Mkewe akikaa sokoni na mihogo, wanunuzi wanaruka wanakwenda kwa jirani yake. Usiku mmoja mtu aling'oa mistari minne ya maharage yake. Na mimi ninayejua, napita mbele ya nyumba yake na ndoo kichwani, natazama chini.

Mzee akaacha kula. Alikaa kitandani na ile kamba, akiikunja na kuikunjua. Sikumpeleka shambani, kwa kuwa kazi ilinibana. Akienda chooni peke yake anashika ukuta, na mara mbili nilimkuta ameanguka. Hakunilaumu hata siku moja. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Hatimaye katekista Straton akaita pande zote mbili. Hilaire alikuwa na medali mfukoni, aliichukua kama ushahidi. Straton akasema Jumapili baada ya ibada jambo hili litakatwa mbele ya wakristo wote, na mimi niliyetengeneza medali nitaulizwa. Hilaire akipatikana na kosa, atatubu, atalipa mbwa kwa mbwa, na kwa ajili ya amani atarudisha mpaka wa shamba pale ulipokuwa.

Ijumaa sikuweza tena. Nilimpelekea mzee uji, nikapiga magoti karibu na kitanda.

"Papa, si Hilaire. Iko mimi."

Nikamweleza yote. Karatasi, kioo, Magloire, jina nililoacha. Alisikiliza bila kutikisika. Nilipomaliza, aliuliza kitu kimoja.

"Siku ile pale kwa soko. Ulijua mbele ya risasi, ao nyuma?"

Ningeweza kudanganya, niseme nilijua baada ya risasi. Angeniamini.

"Mbele, Papa."

Kuku alipita chini ya kitanda akatoka upande wa pili.

"Na Hilaire hajue?"

"Hajue."

"Basi siku ya Mungu usiseme."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Papa?"

"Shamba ya baba yangu iko kwa mukono ya Hilaire miaka tisa. Nilipeleka maneno kwa chef ya kijiji, wakacheka. Sasa Mungu amefungua. Ukisema ukweli, mbwa haitarudi, shamba haitarudi, na mimi nitabakia na nini? Nitabakia na kujua tu kama njo wewe. Na wewe njo unanipikia." Akapapasa akapata bakuli la uji, akalisukuma kwangu. "Wacha nichukie Hilaire. Nimezoea. Wewe, sitaweza kukuchukia na kula kwa mukono yako."

Jamani, nilikwenda kutua mzigo, nikarudi na miwili.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Hilaire alisimama mbele na koti lake la ibada, amekonda. Akaitoa medali, akanipa.

"Mama Carmel, mimi sina maulizo mingi. Iko moja tu. Sema ile bantu basikie. Hii foto, ilikuwa ya mbwa ya Papa Athanase, ao ya mbwa ingine?"

Alinitazama machoni. Nikaona ajabu, kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayemngoja mwenzake kwenye mvua.

Nilimtazama mzee. Amekaa benchi la kwanza, uso umeinuliwa, mikono juu ya fimbo.

"Ilikuwa yake," nikasema.

Ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli. Na hakuna uongo niliowahi kusema maishani mwangu uliokuwa mbaya kama ukweli ule.

Hilaire alingoja kidogo tena, kama nina la kuongeza. Sikuongeza. Akatikisa kichwa taratibu.

"Aksanti, mama."

Kisha akaenda mbele ya mzee Athanase, akapiga magoti, akapiga makofi matatu kama inavyotakiwa kwa anayeomba radhi. "Papa, nilikosa juu yako. Mupaka utarudi pahali ulikuwa. Unisamehe." Mzee akanyoosha mkono, akamgusa kichwani. Wanawake wakapiga vigelegele, Straton akaanzisha wimbo. Niliimba nao. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Jumatatu, jua limepanda, nilikuwa nje napuliza makaa ya pasi. Nikaona Hilaire anakuja kwa njia ya nyuma, kamba mkononi, na mwisho wa kamba mbwa wake mwenyewe. Jike la kahawia lenye doa jeupe kwenye jicho, ambalo watoto wa Hilaire hulala nalo.

"Mbwa kwa mbwa," akasema. "Katekista njo alisema. Huyu iko na akili, atajua kutembeza mzee. Lakini atavaa medali. Nakuomba umupige foto."

Nikachukua simu. Akaushika uso wa mbwa autulize, kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Doa iko kwa jicho ya kuume. Angalia muzuri, Mama Carmel."

Simu ilinitoka.

"Samedi asubuhi, mbele ya siku ya Mungu, nilikuwa nanyoa ndevu," akasema. "Medali ilikuwa mu mufuko ya shati. Nikaitoa, nikaiangalia mbele ya kioo. Na ndani ya kioo nikaona Bazavuga vile alikuwa. Sikio ya kuume."

"Ulijua," nikasema. "Pale kwa kanisa ulijua."

"Nilikuuliza mbele ya Mungu. Nilikufungulia mulango, ukabakia inje."

"Juu ya nini ulipiga magoti?"

Akafikiri. Mbwa alikuwa anamlamba mkono.

"Mimi pia siko musafi. Siku ile kwa soko, nikiona sikio haiko sawa, roho yangu ilifurahi. Ningeweza kusema tungoje, tuulize mwenye kutengeneza. Sikusema. Njo ile nilitubia." Akatazama mlango wa nyumba yetu. "Na tena, mzee hana mwingine. Viateur haiko. Kama angejua iko wewe, angekula kwa nani? Afazali anichukie mimi, niko mbali. Asijue hata siku moja, Mama Carmel. Uniapie."

Nikafungua mdomo nimwambie. Papa Hilaire, anajua. Tangu Ijumaa anajua. Ulipompigia magoti alijua huna kosa, na akakugusa kichwa, na akachukua shamba.

Maneno yalifika hadi kwenye meno.

"Mama Carmel!" Ni mzee, kutoka ndani. "Nani iko hapo?"

Hilaire akanitazama. Nikaitazama kamba, ambayo sasa ilikuwa mkononi mwangu, sijui niliipokea saa ngapi. Wakikutana sasa, hapa uani, nani atasema la kwanza, na nitabaki wapi mimi?

"Hakuna muntu, Papa," nikajibu.

Hilaire akashtuka, akarudi hatua moja nyuma.

Mbwa akabweka.

Halafu nikasikia fimbo ya mzee ikigonga sakafu, ikitafuta mlango.